Nchi Jirani: Jalada la Daktari Mgeni

Tarehe 27 Juni 1997, katika kiwanja cha ndege cha O'Hare mjini Chicago, maofisa wa Marekani walimzuia abiria mmoja aliyekuwa ametoka kusini mwa Afrika. Abiria huyo alikuwa daktari, jina lake Michael Swango. Alikuwa safarini kwenda Saudi Arabia, ambako alikuwa amekwisha kupata kazi katika hospitali moja ya mji wa Dhahran kwa kutumia maelezo ya uongo juu ya maisha yake. Hati ya kumkamata haikutaja mauaji. Ilitaja udanganyifu tu, yaani kwamba aliisemea uongo serikali ya nchi yake alipokuwa akitafuta kazi katika hospitali ya askari wastaafu huko New York.

Mauaji yalithibitika baadaye. Mwezi wa Septemba 2000 mtu huyo alikiri mbele ya mahakama ya New York kwamba aliwaua wagonjwa watatu wa hospitali hiyo, akahukumiwa kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiliwa. Waliokufa walikuwa watu waliolitumikia jeshi la nchi yao. Walifia kitandani, mikononi mwa mtu aliyevaa koti jeupe na ambaye kila aliyemwona wodini alimwita daktari.

Habari hiyo ingeweza kuachwa kuwa mkasa wa Wamarekani wenyewe, lau kama si nchi alizopitia Swango kabla ya kukamatwa. Tangu Novemba 1994 alifanya kazi ya udaktari Zimbabwe, na alipotoroka huko alipata kazi za muda za udaktari Zambia na Namibia. Zambia inapakana na Tanzania, na Zimbabwe ni jirani wa jirani. Kwa hiyo milango ya hospitali za nchi nne ilifunguka mbele yake, na katika kila mlango alikuwapo mlinzi aliyeamini kwamba mlinzi wa mlango uliotangulia alikuwa amekwisha kumkagua.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Swango hakuwa daktari wa bandia. Alisoma udaktari katika chuo kikuu kinachojulikana cha jimbo la Illinois, akahitimu mwaka 1983. Cheti chake cha udaktari kilikuwa cha kweli, na mtu ambaye angekichunguza mhuri kwa kioo cha kukuza asingeona kasoro yo yote. Kilichokuwa cha uongo ni maelezo ya maisha yaliyofuata baada ya cheti. Mwaka 1984, alipokuwa akifanya kazi na kikosi cha magari ya wagonjwa katika mji wa Quincy, aliwawekea wenzake sumu ya arseniki katika vyakula na vinywaji. Mwaka 1985 alitiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, akatoka mwaka 1987. Baada ya hapo, kila alipoomba kazi ilimpasa kuueleza muda ule. Alipoomba nafasi ya mafunzo katika jimbo la South Dakota alipeleka karatasi ya gereza aliyoibadilisha mwenyewe, ikionyesha kwamba kosa lake lilikuwa ugomvi wa ngumi tu, pamoja na barua ya kughushi ya Gavana wa Virginia iliyosema kwamba amerudishiwa haki zake za uraia. Walioipokea waliisoma wakaridhika. Barua moja kwa mahakama iliyomhukumu, au mazungumzo ya dakika tano kwa simu na polisi wa Quincy, yangetosha kuufichua uongo huo.

Alipogunduliwa huko alihamia New York, na mwaka 1993 akaingia katika hospitali ya askari wastaafu iliyotajwa juu. Alipogunduliwa huko pia, mkuu wa chuo cha udaktari kilichokuwa kimempokea alifanya jambo la kusifiwa: alipeleka barua ya onyo kwa vyuo vyote 125 vya udaktari vya Marekani na kwa hospitali za mafunzo zaidi ya 1,000. Kwa barua hiyo Swango alifungiwa milango ya nchi yake. Lakini onyo hilo liliandikwa kwa hospitali za Marekani, wala halikuvuka bahari. Mwenyewe alivuka.

Hospitali ya misheni ya Kilutheri ya Mnene, iliyoko mashambani kusini mwa Zimbabwe, ilimpokea kwa karatasi alizokuja nazo mkononi, nazo zilikuwa za kughushi. Ni rahisi leo kuwalaumu wale waliompokea. Hospitali ya mashambani yenye madaktari wachache na wagonjwa waliojaa mpaka barazani haimkaribishi daktari aliyetoka Marekani kwa maswali mengi; humkaribisha kwa shukrani. Baadaye wagonjwa wakaanza kufa pasipo sababu iliyoeleweka, mashaka yakawafikia polisi, na mwaka 1995 akasimamishwa kazi. Alishitakiwa kwa kuwapa watu sumu, lakini kabla kesi haijasikilizwa alikuwa amekwisha kuvuka mpaka. Kama ilivyokuwa katika hospitali moja ya Ohio miaka kumi iliyotangulia, miongoni mwa wa kwanza kumshuku walikuwa wauguzi.

Askari ataielewa kasoro hiyo upesi kuliko raia. Katika kambi au kituo cho chote cha polisi mtu hapewi bunduki kwa sababu amevaa sare. Mtunza ghala hutazama kitambulisho, husoma orodha ya zamu iliyotiwa saini na mkubwa wa kikosi, huandika namba ya silaha na hesabu ya risasi kitabuni, kisha huchukua saini ya anayepokea. Tena, kufuzu mafunzo ya kuruta hakumpi mtu ruhusa ya kuendesha kifaru wala kutegua bomu. Kwa kila kazi ya hatari kuna mafunzo yake, mtahini wake, na karatasi yake inayosema kwamba fulani ameruhusiwa kuifanya. Kisu cha mpasuaji na sindano ya nusu kaputi ni silaha za namna hiyo hiyo, isipokuwa kwamba hutumiwa juu ya mtu aliyelala asiyeweza kujitetea.

Kwa sababu hiyo hospitali ina maswali mawili ya kuuliza, wala si moja. Swali la kwanza ni kama mtu huyu ni daktari kweli, na kama leseni yake ingali hai. Hilo hujibiwa na baraza la madaktari la nchi, ambalo huweka daftari la usajili. Swali la pili ni kazi zipi daktari huyu aruhusiwe kuzifanya katika hospitali hii. Hilo baraza haliwezi kulijibu, kwa kuwa leseni ni moja kwa madaktari wenye ujuzi wa aina nyingi. Daktari mmoja amekwisha kumpasua mama mjamzito mara mia mbili. Mwingine aliiona kazi hiyo mara tatu tu alipokuwa mwanafunzi. Na wote wawili wana leseni zinazofanana neno kwa neno. Zaidi ya hayo, ruhusa hutegemea hospitali yenyewe. Pasipo damu ya akiba, hewa ya oksijeni na mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi, hata bingwa aliyefuzu ng'ambo hafai kuruhusiwa kufungua kifua cha mtu.

Wamarekani walijifunza tofauti hiyo polepole na kwa aibu. Mwaka 1918 Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kilianza kuzikagua hospitali kubwa kwa kipimo cha kanuni chache zilizoenea katika ukurasa mmoja, na mojawapo ya kanuni hizo ilitaka hospitali iwapokee kuwa madaktari wake wale tu waliosoma, wenye leseni, wanaoiweza kazi yao na wenye tabia njema. Hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi zilikaguliwa. Zilizofaulu zilikuwa 89. Taarifa hiyo ilipotolewa mwaka 1919 katika hoteli moja kubwa ya New York, viongozi wa chuo waliogopa majina ya hospitali zilizoshindwa yasije yakaangukia mikononi mwa waandishi wa habari, kwa kuwa nyingine zilikuwa mashuhuri sana. Basi usiku huo orodha ikatiwa motoni katika tanuri la hoteli. Idadi ilitangazwa, majina yakawa majivu.

Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi hospitali ziliendelea kujitetea kwamba wao huweka jengo na vitanda tu, na kwamba daktari akikosea kosa ni lake peke yake. Mahakama ya juu ya jimbo la Illinois iliukataa utetezi huo mwaka 1965, katika shauri la kijana aliyevunjika mguu mchezoni. Daktari wa zamu aliufunga mguu kwa plasta iliyobana mno, damu ikashindwa kupita, na hatimaye mguu ukakatwa. Mahakama ilisema kwamba hospitali nayo ilikuwa na wajibu wake wa kumwangalia mgonjwa na kuiangalia kazi ya daktari. Tangu hukumu hiyo, ofisi ya kuyatunza majalada ya madaktari, ambayo kwa Kiswahili yafaa kuitwa masjala ya madaktari, ilianza kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Mwaka 1986 ikapitishwa sheria, na tarehe 1 Septemba 1990 likafunguliwa daftari la taifa zima la madaktari waliopewa adhabu au waliolipiwa fidia kwa makosa ya tiba. Kila hospitali inalazimika kuliuliza daftari hilo kabla ya kumpokea daktari, na kuliuliza tena kila miaka miwili. Lakini daftari lilianza kuandika ya tangu siku lilipofunguliwa. Ya Quincy ya mwaka 1984 hayakuwamo.

Majeshi nayo hayakusalimika. Mwaka 1982 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilimwandikisha mpasuaji wa moyo, na baadaye likampa uongozi wa upasuaji huo katika hospitali yake kuu ya Bethesda. Wakati wa kumwandikisha halikujua kwamba hospitali ya kiraia alikofanya kazi awali ilikuwa imekwisha kumwondolea ruhusa ya kupasua. Mwaka 1986 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa ajili ya vifo vya wagonjwa. Mwaka 1988 mahakama ya rufani ya kijeshi ikaitangua hukumu hiyo, na kwa haki jina lake halina haja ya kutajwa hapa. Lakini kufutwa kwa hatia hakukuijibu kasoro ya masjala. Jeshi linalochunguza ukoo na mwenendo wa kijana anayetaka kuwa kuruta lilimpa mtu cheo cha afisa na chumba cha upasuaji bila ya kumwuliza mwajiri wake wa mwisho.

Katika majeshi upo ugumu mwingine ambao hospitali za kiraia haziujui sana, nao ni ugumu wa cheo. Mtunza masjala huenda akawa sajini. Daktari anayekuja ni kapteni au meja. Sajini atamwambiaje meja kwamba jalada lake halijakamilika, na kwamba mpaka likamilike hataingia chumba cha upasuaji? Dawa ya ugumu huo ni moja: amri iandikwe na mkuu wa hospitali mwenyewe, iseme kwamba jalada lisilokamilika halina kibali bila ya kujali cheo, na sajini anapokataa ahesabiwe kuwa anatii amri hiyo. Mtunza ghala la silaha hana aibu ya kumwomba afisa saini, kwa kuwa kanuni ya ghala inajulikana na wote. Masjala ya madaktari inahitaji nguvu hiyo hiyo.

Vifaa vyenyewe vya kazi hii si vya gharama. Mashine za kompyuta husaidia, na katika nchi tajiri masjala hizo hutumia programu za kila namna, lakini hakuna sehemu ya msingi ya kazi hii ambayo haiwezi kufanywa kwa fomu, kabati lenye kufuli, daftari lenye mistari na simu.

Fomu nzuri ya maombi humtaka daktari aeleze mwezi kwa mwezi alikuwa wapi na alifanya nini tangu alipohitimu. Pengo lo lote la zaidi ya mwezi mmoja hudai maelezo, na maelezo hudai shahidi. Pengo si kosa; mtu huweza kuugua, kuuguza mzazi au kukosa kazi. Lakini katika jalada la Swango pengo lilikuwa gereza.

Baada ya fomu huja barua, na hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Hospitali humwandikia aliyetoa cheti, na jibu hurudi hospitalini bila ya kupitia mkononi mwa mwombaji. Chuo huulizwa kama alihitimu; baraza huulizwa kama amesajiliwa na kama amewahi kupewa adhabu; waajiri watatu wa mwisho huulizwa kama wangempokea tena. Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa, maana mwajiri anayeogopa kushitakiwa huweza kuandika sifa za jumla, lakini akiulizwa kama angemrudisha kazini hulazimika kusema ndiyo au hapana, na akikaa kimya ukimya nao ni habari. Anwani na namba za simu huchukuliwa katika vitabu rasmi au kwa baraza la nchi inayohusika, wala si juu ya barua aliyoileta mwombaji, kwa kuwa mwenye kughushi barua hashindwi kuandika juu yake namba ya simu ya rafiki yake. Makarani wazoefu huibana bahasha pamoja na barua iliyokuja ndani yake, kwa sababu mhuri wa posta unaonyesha barua ilitiwa wapi. Barua ya chuo cha Ulaya iliyotiwa posta mtaa wa pili hujieleza yenyewe. Barua zinazokuja kwa kompyuta zina bahasha yake pia, nayo ni anwani ya mpelekaji, ambayo yafaa isomwe herufi kwa herufi.

Utambulisho wa mtu mwenyewe usisahauliwe. Ulaghai wa kawaida ni wa mtu kutumia jina na namba ya usajili ya daktari wa kweli, aliye hai au aliyekufa. Mtu wa namna hiyo, barua zote zitakazoandikwa zitarudi na majibu mema, kwa kuwa zinamzungumzia mtu mwingine. Kwa hiyo picha hupelekwa pamoja na barua ili wanaomfahamu mwenye jina waitambue sura yake, na alama za vidole hupelekwa polisi ili kupata hati ya kutokuwa na makosa ya jinai.

Kisha huja orodha ya kazi. Daktari hutia alama kwenye kazi anazoomba kuruhusiwa, naye huonyesha kwa daftari lake la kazi ni mara ngapi amezifanya na lini mara ya mwisho. Wakubwa wa idara hukubali baadhi, hukataa baadhi, na nyingine huzikubali kwa sharti kwamba mwenzake mzoefu asimame pembeni kwa mara kadhaa za kwanza. Orodha iliyotiwa saini huwekwa nakala chumba cha upasuaji, mahali ambapo muuguzi wa zamu anaweza kuiona. Nakala hiyo ndiyo inayoipa masjala meno. Muuguzi anayeona usiku kwamba kazi inayotaka kuanza haimo katika ruhusa za daktari aliyepo ana karatasi ya kuonyesha, na hana haja ya kubishana na aliyemzidi kisomo.

Yako pia mambo yanayokwisha muda. Katika nchi hizi za Afrika Mashariki leseni ya kufanya kazi huhuishwa kila mara, nao mganga mfawidhi mwenye madaktari thelathini hawezi kuzikumbuka tarehe zote kichwani. Daftari la kurasa kumi na mbili, ukurasa mmoja kwa kila mwezi, latosha. Jina la daktari huandikwa katika ukurasa wa mwezi wa pili kabla ya leseni yake kukoma, na karani hufungua ukurasa mpya kila tarehe mosi. Katika jalada hilo hilo huingizwa malalamiko ya wagonjwa na taarifa za wauguzi, hata zile zilizoonekana ndogo. Taarifa za wauguzi wa Ohio zilipuuzwa mwaka 1984. Swango hakupewa mwaka mwingine katika hospitali ile, lakini leseni ya jimbo aliipata.

Kwa nchi za jumuiya hii, kuchunguza kwa kumwuliza aliyetoa cheti si jambo geni. Mwezi wa Aprili 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba uhakiki wa vyeti ulikuwa umewagundua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hawakugunduliwa kwa kukazia macho mihuri. Vyeti vyao vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani lenyewe, na baraza likasema lilichokuwa nacho na lisichokuwa nacho. Wengi wa watumishi hao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, na kila ofisi waliyohamia iliiamini ofisi iliyotangulia.

Mwaka huo huo ulionyesha jinsi madaktari wanavyoweza kuvuka mipaka kwa mamia. Baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya uliochukua siku 100, Kenya na Tanzania zilikubaliana mwezi wa Machi kwamba madaktari 500 wa Tanzania wapelekwe Kenya. Madaktari wa Kenya walikwenda mahakamani na mpango ukazuiwa. Mwezi wa Aprili Rais Magufuli akaagiza wale 258 waliokuwa wamekubaliwa waajiriwe nyumbani. Mwaka uliofuata Kenya iliwapokea madaktari wapatao 100 kutoka Kuba, wenye vyeti vya Kihispania. Mipango ya namna hiyo huamuliwa na wakuu wa nchi kwa siku chache. Majalada mia tano hayakamiliki kwa siku chache, na mara nyingi karani wa masjala ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba wageni wako njiani.

Sheria zipo. Kenya ilianza kuitumia sheria yake ya madaktari na madaktari wa meno mwaka 1978, Uganda ilitunga ya kwake mwaka 1996, na Tanzania ilitunga mpya mwaka 2017. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma, na mabaraza ya madaktari ya nchi hizo yamekuwa yakivikagua pamoja vyuo vya udaktari ili chuo kilichofaulu kwa mmoja kihesabiwe kuwa kimefaulu kwa wote. Hiyo ni kazi njema. Lakini ukaguzi wa chuo hujibu swali la cheti tu, na Swango alikuwa na cheti halali kutoka chuo halali. Kinachohitajika zaidi ni kwamba baraza la nchi moja likimfuta au kumsimamisha daktari, mabaraza ya jirani yaambiwe wiki hiyo hiyo, bila ya kungoja kuulizwa. Mkataba wa kupashana habari za namna hiyo usiishie kwenye mipaka ya Jumuiya, maana Zambia haimo ndani yake, nayo ina barabara na reli inayoingia Tanzania. Na tangu Sudan Kusini ilipojiunga mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, Jumuiya ina vyeti vya Kifaransa na Kiarabu vilivyo vingi kuliko zamani. Mfasiri wa vyeti hivyo yampasa atafutwe na hospitali. Fasiri aliyoileta mwombaji ni karatasi nyingine tu ya mwombaji.

Askari wana sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Mwezi wa Desemba 2017 walinzi wa amani wa Tanzania walishambuliwa Semuliki, katika jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo. Askari wasiopungua 14 waliuawa na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Majeruhi walihamishwa kupelekwa Goma na kwingineko kwa matibabu. Askari aliyepigwa risasi katika nchi ya jirani hachagui daktari, wala hana nguvu ya kuuliza namba ya usajili ya yule anayemwinamia. Swali hilo lilipaswa kuwa limekwisha kuulizwa na kujibiwa kwa niaba yake, miezi mingi kabla, na karani ambaye hatamwona kamwe.

Kwa polisi jambo lenyewe huja kwa njia ya fomu. Mtu aliyepigwa au kunajisiwa hupewa fomu namba 3 ya polisi, ambayo Tanzania na Uganda huiita PF3 na Kenya huiita P3, akaipeleka hospitalini ijazwe. Mahakamani fomu hiyo ni ushahidi, na aliyeijaza huweza kuitwa kuulizwa maswali. Ikidhihirika kwamba si daktari, wakili wa mshitakiwa hana haja ya kutafuta utetezi mwingine, na mwanamke aliyenajisiwa hawezi kuchunguzwa upya miezi minane baadaye. Hali kadhalika taarifa ya uchunguzi wa maiti: mwili ukishazikwa, kilichobaki ni neno la aliyeupasua.

Polisi wanapoitwa kumkamata daktari wa bandia, desturi imekuwa ni kumchukua mtu huyo, mihuri yake na dawa zake. Jalada lake la hospitali lichukuliwe siku hiyo hiyo, kabla halijaongezwa wala kupunguzwa karatasi, kwa kuwa ndani yake mna jina la aliyempokea, tarehe ya kumpokea, na ama barua zilizoandikwa kuuliza habari zake, ama mahali patupu zilipostahili kuwapo. Orodha ya wagonjwa aliowahudumia nayo itakiwe, ili waliopasuliwa watafutwe na kutazamwa tena. Na kwa kesi za kila siku, mpelelezi anapoipokea PF3 iliyojazwa aangalie kama jina la daktari linasomeka na kama namba yake ya usajili imeandikwa. Ikiwa haimo, fomu irudishwe hospitalini kabla mlalamikaji hajaondoka kituoni. Ikiwa imo, Msajili wa Baraza aulizwe, na jibu lake liwekwe katika jalada la kesi nyuma ya fomu yenyewe.